Saa moja kwa wiki: uzito na mipaka ya utafiti wa Sally Grantham-McGregor

Mhudumu wa afya anabisha hodi, anaingia, anashusha mkoba begani na kuketi chini, pale pale alipo mtoto. Mkobani mna chupa ya plastiki iliyotiwa vitu vidogo vinavyogongana ikitikiswa, vipande vya mbao, kitabu cha picha kilichotengenezwa kwa mkono, mwanasesere wa vitambaa. Anamwonyesha mama mchezo wa leo, kisha anamwachia nafasi. Mama anatikisa chupa, mtoto anageuza kichwa. Mama anaitaja chupa, mtoto ananyoosha mkono. Mhudumu anamsifu mtoto, na anamsifu mama zaidi. Saa moja ikitimia anaaga, vichezeo vinabaki. Wiki ijayo atarudi na vingine, avichukue hivi.

Ziara za namna hiyo zilifanyika katika mitaa maskini ya Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986 na 1987. Ndizo zilizolifanya jina la daktari Sally Grantham-McGregor lisikosekane kila panapojadiliwa miaka ya kwanza ya mtoto, iwe ni mkutano wa mawaziri wa elimu au kikao cha wachumi wa Benki ya Dunia. Kwa wanaofuatilia malezi na makuzi ya awali, Jamaica imekuwa kama kesi ya kwanza mahakamani: kila anayekuja baadaye hana budi kuirejelea.

Nataka kuupima uzito wa kazi hiyo kwa haki. Vyuo vikuu hupima mchango wa mwanazuoni kwa kuhesabu mara ambazo makala zake zimenukuliwa, na kwa kipimo hicho huyu mama alishashinda zamani. Lakini elimu ya awali ni fani ambayo walengwa wake hawasomi majarida. Walengwa wana umri wa miezi kumi na minane. Kwa hiyo lazima tuulize ni kitu gani hasa kilichosafiri kutoka Kingston hadi kwa watoto wa kwingine, na ni kitu gani kilichoachwa bandarini.

Kwanza utafiti wenyewe. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies, akina Christine Powell na Susan Walker, walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watoto wa miezi 9 hadi 24 waliodumaa, yaani wenye kimo kifupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Walipata 129. Wakawagawa makundi manne: la kwanza halikupewa kitu cha ziada, la pili lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga yaliyorutubishwa kila wiki, la tatu lilipata ziara ya uchangamshi, yaani michezo na mazungumzo ya kuamsha akili ya mtoto, ya saa moja kila wiki, na la nne likapata vyote viwili. Hayo yaliendelea kwa miaka miwili. Mwaka 1991 matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet: maziwa yalisaidia, ziara zilisaidia, na waliopata vyote viwili walikaribia kuwafikia wenzao wa mtaa uleule ambao hawakudumaa.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa makala nzuri miongoni mwa makala nyingi nzuri. Kilichoutofautisha utafiti huu ni kwamba watafiti wenyewe hawakuwaacha wale watoto. Waliwatafuta tena wakiwa na miaka 7, wakawatafuta wakiwa na 11, wakawatafuta wakiwa na 17. Na hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Watoto walipofika miaka 7, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia mno. Mtafiti mwenye haraka, au mfadhili mwenye haraka, angefunga daftari hapo na kuandika kwamba faida haikudumu. Wao wakarudi tena. Miaka 11, waliopata ziara za uchangamshi wakaonekana wazi wako mbele katika vipimo vya akili, huku faida ya maziwa ikiwa haionekani tena. Miaka 17 vivyo hivyo, na safari hii wakakutwa pia wana wasiwasi na huzuni kidogo kuliko wenzao na wanajithamini zaidi. Miaka 22 walipatikana 105 kati yao, na wale waliohamia nje ya kisiwa nao walisakwa huko waliko. Waliopata ziara walikuwa wakipata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25, kiasi cha kuwafikia wenzao ambao hawakudumaa. Makala hiyo ilitoka mwaka 2014 katika jarida la Science, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo James Heckman, mchumi mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 2000. Walipofikia miaka 31, tofauti ya kipato ilikuwa imezidi kuongezeka.

Asilimia 25. Hiyo ndiyo namba iliyopanda ndege.

Sidhani ni kosa kwamba ilipanda. Kabla yake, mtu aliyekwenda wizara ya fedha kuomba pesa za watoto wadogo katika nchi maskini alikuwa na hoja za huruma mkononi na mifano ya Marekani. Mfano uliotajwa zaidi ulikuwa wa Perry, mradi wa shule ya awali ulioanzishwa mwaka 1962 na David Weikart huko Ypsilanti, Michigan, kwa watoto 123 Wamarekani weusi wa familia maskini. Ulikuwa mradi mzuri. Ila walimu wake walikuwa na shahada, kila mmoja akiwa na watoto wasiozidi sita au saba, na walikwenda nyumbani kwa kila mtoto kila wiki. Waziri wa nchi maskini akisikia hayo anakuwa na jibu tayari: hatuna walimu hao, wala hatuna uwezo huo. Jamaica ilimnyang'anya jibu hilo. Wahudumu wa Kingston walikuwa wahudumu wa afya ya jamii wa kawaida, wenye elimu ya kawaida. Vichezeo vilitokana na chupa, maboksi na vitambaa. Mwalimu hasa wa mtoto alikuwa mama mwenyewe. Kwa mara ya kwanza ikaonyeshwa, kwa watoto waliogawanywa kwa nasibu na kufuatiliwa hadi utu uzima, kwamba kazi hii inawezekana mahali pasipo na fedha nyingi.

Na ushawishi ulionekana. Mwaka 2007 Grantham-McGregor aliongoza makala ya The Lancet iliyokadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 200 walio chini ya miaka mitano katika nchi zinazoendelea hawafikii uwezo wao wa makuzi. Mwaka 2015 Malengo ya Maendeleo Endelevu yakaweka shabaha ya 4.2, inayotaka kila mtoto wa kike na wa kiume apate malezi, makuzi na elimu bora ya awali ifikapo 2030. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia wakazindua mwongozo wa malezi jumuishi unaoweka uchangamshi na ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe na usalama. Hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kwamba hayo yote ni yake. Lakini ukiyafuata maji hadi kwenye chemchemi, mojawapo utaikuta Kingston.

Sasa upande wa pili, na sitaupitia kwa kuuonea haya.

Watoto 129 ni wachache. Ukiwagawa mara nne, kila kundi linabaki na watoto thelathini na kidogo. Waliopatikana na miaka 22 ni 105. Namba ya asilimia 25 imetoka humo, na kwa kundi dogo kiasi hicho ukweli ungeweza kuwa juu au chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Waandishi wenyewe walilijua hilo, wakatumia mbinu za takwimu zinazofaa makundi madogo na kuonyesha kwamba tofauti haikuwa ya bahati tu. Sawa. Lakini kujua kwamba tofauti ipo ni jambo moja, na kujua ukubwa wake ni jambo jingine, na kwenye hotuba namba hutajwa kana kwamba ilipimwa kwa rula. Fani nzima ya elimu ya awali inaegemea mno kwenye tafiti chache za namna hii: Perry watoto 123, Abecedarian, mradi wa malezi ya awali wa North Carolina, Marekani, watoto 111, Jamaica 129. Ukiwakusanya wote pamoja hawajazi hata shule moja kubwa.

Uzito zaidi uko kwenye swali la kukuza mradi. Colombia walilijaribu jambo hilo kwa umakini. Watafiti wakiongozwa na mchumi Orazio Attanasio, na Grantham-McGregor mwenyewe akiwa miongoni mwao, walichukua mtaala wa Jamaica na kuupeleka katika manispaa 96, kwa watoto 1,420, wakitumia kina mama viongozi wa jamii waliokuwa tayari kwenye mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini. Ziara zilikuwa za kila wiki, kwa miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha watoto wamepanda katika vipimo vya akili kwa takribani robo ya kile wanatakwimu wanachokiita mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyotawanyika, na lugha nayo ikapanda. Ni faida ya kweli, ingawa ni sehemu tu ya ile iliyoonekana Kingston. Miaka miwili baadaye watoto walipimwa tena. Faida haikuonekana.

Peru nako serikali ilianzisha mpango wa Cuna Más, na ziara zake za nyumbani zikabuniwa kwa kufuata mfano wa Jamaica. Tathmini ilikuta faida, ila ndogo. Ndivyo inavyokuwa kila mradi unapotoka mikononi mwa watafiti na kuingia serikalini: msimamizi aliyekuwa na wahudumu wachache sasa ana wengi, mafunzo ya wiki kadhaa yanabanwa, mhudumu anapewa fomu za kujaza, na fomu huanza kula ile saa moja.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hata Jamaica faida ilififia mtoto alipofika miaka 7, kisha ikarudi. Hoja hiyo ina nguvu, na haiko peke yake. Watoto wa Perry waliongoza katika vipimo vya akili walipotoka shule ya awali, uongozi huo ukapotea walipofika darasa la pili au la tatu, na bado walipofika miaka 40 walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao na wengi zaidi walikuwa na kazi. Boston, ambako nafasi za shule ya awali zilitolewa kwa kura, watafiti walikuta mwaka 2021 kwamba alama za mitihani hazikubadilika, ila walioshinda kura waliingia chuo kikuu kwa wingi zaidi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba watoto wa Colombia wanabeba kitu ambacho vipimo vya miaka mitano haviwezi kukiona.

Inawezekana. Lakini hoja hii naiogopa kidogo, kwa sababu haikanushiki. Matokeo yakiwa mazuri tunashangilia, yakififia tunaambiwa tusubiri miaka ishirini. Mradi mbovu nao unaweza kujificha nyuma ya subira hiyo. Tennessee walikuwa na mpango wa jimbo zima wa shule za awali, na Dale Farran na Mark Lipsey wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliufuatilia kwa watoto karibu 3,000. Waliohudhuria walianza vizuri, na walipofika darasa la sita walikuwa na alama za chini kuliko wale waliokosa nafasi, na makosa ya nidhamu mengi zaidi. Matokeo hayo, yaliyotoka mwaka 2022, yaliwaumiza wengi waliokuwa wameamini kwamba shule ya awali ya aina yoyote ni heri. Namheshimu sana Farran kwa kuyachapisha bila kuyapaka asali. Yanatufundisha kwamba neno "awali" halina dawa ndani yake. Dawa, kama ipo, iko katika kile ambacho mtu mzima anafanya na mtoto.

Kuna pia lawama ya aina nyingine, inayotoka kwa wanaanthropolojia, na hii ndiyo iliyonikalia kichwani kwa muda mrefu zaidi.

Ile hesabu ya watoto milioni 200 haikutokana na kuwapima watoto milioni 200. Waandishi walichukua viashiria viwili, udumavu na umaskini uliokithiri, wakakadiria ni watoto wangapi wanaguswa na kimojawapo au vyote. Walieleza wazi kwamba ndivyo walivyofanya. Lakini namba ilipofika kwenye mabango, maelezo hayo yalishapotea, na kilichobaki ni picha ya mamia ya mamilioni ya watoto wa Afrika na Asia ya Kusini wenye akili zilizopungua, wanaolelewa na mama wasiojua kulea. Kutoka picha hiyo hadi kwenye mradi wa kumfundisha mama kuzungumza na mwanawe ni hatua moja tu, na anayefundishwa ni yule yule siku zote.

Mwanaanthropolojia Robert LeVine na timu yake waliishi na Wagusii wa magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1970 wakiangalia mama wanavyolea watoto wachanga. Waliona mama anayemjibu mtoto upesi sana akilia, kwa kumnyonyesha au kumbembeleza, anayekuwa naye mwilini karibu muda wote, na ambaye hata hivyo haongei naye sana wala kumkazia macho kama walivyofanya mama wa tabaka la kati wa Boston. Mazungumzo na michezo mtoto alikuja kuyapata baadaye, na kwa kiasi kikubwa aliyapata kwa kaka na dada zake. Ukichukua orodha ya uchangamshi na kumpima mama huyo, atapata alama mbovu. Ukimpima mama wa Boston kwa muda unaopita kabla ya kumbeba mtoto anayelia, yeye ndiye atakayefeli. Orodha haiwezi kukwepa kuwa na kwao.

Hapo nakubaliana na wakosoaji. Panapotumika ule wimbo wa "akili zilizopotea", familia zinavunjiwa heshima, na heshima ikivunjika kazi yenyewe haifanyiki, kwa sababu kazi nzima inategemea mama kumfungulia mhudumu mlango. Lakini sifuati hoja yao hadi mwisho. Mtoto aliyedumaa wa Kingston hakuwa akiishi ndani ya mfumo wa malezi uliokamilika kama ule wa boma lenye ndugu wengi. Alikuwa mtaa wa mjini, na njaa, mama akiwa amezidiwa. Utamaduni wake haukumdumaza, umaskini ndio uliomdumaza. Na aliyebisha hodi alikuwa mhudumu wa afya wa hapohapo Jamaica, aliyetumwa kumwonyesha mama kwamba ana uwezo, na kwa kiasi kikubwa alifanya hivyo kwa kumsifu. Ukiyasoma maelezo ya ziara hizo bila hotuba zilizokuja baadaye, huoni mtu anayedharauliwa. Unaona watu wawili wakifurahia mtoto anaporundika vipande vya mbao.

Suala la maziwa nitaligusa kwa ufupi tu, kwa sababu limetumiwa vibaya. Wapo wanaonukuu Jamaica kana kwamba imethibitisha kwamba chakula si muhimu, mchezo unatosha. Utafiti haukusema hivyo. Ulitoa maziwa kwa watoto ambao tayari walikuwa wamedumaa, na hauwezi kukwambia ingekuwaje kama wasingedumaa tangu mwanzo. Mtu anayepunguza bajeti ya lishe kwa kutaja Kingston ananukuu nusu ya jedwali.

Hukumu yangu basi ni ipi? Naamini mchango wa Grantham-McGregor ni mkubwa, na naamini umepimwa kwa kipimo kisichofaa, na wanaomsifu ndio waliokosea zaidi kuliko wanaompinga. Wamechukua matunda, asilimia 25 na milioni 200, wakaacha mti. Mti ni ile saa moja ya kila wiki: mwanamke aliyefunzwa, anayesimamiwa na mtu anayejua kazi, anayerudi nyumba ileile kwa miaka miwili bila kukosa. Katika miradi mingi duniani mwanamke huyo analipwa posho, wakati mwingine hata hiyo inachelewa, na anaitwa wa kujitolea. Waziri anayesimama jukwaani kueleza kwamba uchangamshi unaongeza kipato cha mtu mzima kwa robo huwa hasemi anampa kiasi gani anayeufanya.

Na Grantham-McGregor mwenyewe, kwa kadiri ninavyomsoma, hakuwahi kuiacha saa hiyo. Hilo ndilo linalonifanya nimtetee. Mtu mwenye jina kama lake angeweza kumaliza miaka yake akizunguka mikutanoni na namba moja. Badala yake alikuwa India, Odisha, katika vijiji 192, akijibu swali la watu maskini: je, ni lazima mhudumu aende kila nyumba, au mama wanaweza kukutana pamoja na watoto wao na mhudumu mmoja? Vijiji vingine vilipata ziara za nyumbani, vingine vikapata vikao vya kina mama. Mwaka 2020 majibu yalitoka: vikao viliwasaidia watoto karibu sawasawa na ziara, kwa gharama ya chini sana. Kwa wanaohesabu manukuu hiyo ni makala moja zaidi. Kwa mpangaji wa wilaya yenye wahudumu wachache ni habari kubwa kuliko ile ya asilimia 25, maana inamwambia afanye nini Jumatatu.

Wenzake nao wamechukua njia hiyohiyo. Susan Walker na kundi lake wameufunga mtaala wa Kingston katika kifurushi kinachoitwa Reach Up, chenye maelekezo ya mafunzo na ya kutengeneza vichezeo, na umetumika katika nchi zaidi ya kumi. Bangladesh, Jena Hamadani ameupitisha katika zahanati za jamii, mahali ambapo mama anakwenda hata hivyo. Kazi hizi hazivutii vichwa vya habari. Zinahusu idadi ya mama kwa kila kikao, urefu wa mafunzo, nani anarekebisha kichezeo kilichovunjika. Kama tunataka kujua ushawishi wa mwanazuoni katika elimu ya awali umefika wapi, mimi ningeanzia hapo kuangalia.

Kuna makala yake moja ambayo sijaisikia ikitajwa katika hotuba yoyote. Ni ya mwaka 1989, ameiandika pamoja na Christine Powell, inahusu watoto wa Kingston kabla utafiti mkubwa haujatoa majibu. Walitaka kujua jambo dogo: mhudumu aende mara ngapi? Watoto waliotembelewa kila wiki walipiga hatua kubwa. Waliotembelewa kila baada ya wiki mbili walipiga hatua ndogo. Waliotembelewa mara moja kwa mwezi walibaki sawa na ambao hawakutembelewa kabisa.

Mpango wa taifa ukikatwa bajeti, kitu cha kwanza kupunguzwa ni idadi ya ziara, kwa sababu kwenye ripoti kaya inaendelea kuhesabiwa kuwa imefikiwa. Ziara nne zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Mkoba ni uleule, chupa ni ileile, na kwenye utangulizi wa mpango Jamaica bado imetajwa.